Kilomita za Peke Yangu

Jumatano, 10 Julai. Igawa.

Kilomita thelathini na moja, peke yangu. Hivyo ndivyo ninavyofunga kila siku katika madaftari yangu, tangu ufukwe wa Tanga.

Malengelenge mawili, kisigino cha kushoto. Nimeyapaka mafuta. Pwani nilikuwa nangoja maji yapwe ndipo nitembee. Hapa nangoja malori yapite.

Wiki iliyopita nilikuwa Matema, kando ya ziwa. Nilipofika Mbeya ningepanda basi, jioni ningekuwa nyumbani Iringa. Nikaamua kuja kwa miguu. Najidai ni mazoezi. Ukweli naogopa kufika. Mwaka wa pili huu baba hapokei simu zangu.

Ijumaa, 12 Julai. Makambako.

Baridi ya kuuma meno. Ishirini na nane, peke yangu.

Mama lishe amenihoji wee. Mume yuko wapi, nimegombana na nani. Nikamwambia natembea tu, nimeshatembea Tanga mpaka Bagamoyo, Kilwa mpaka Lindi. Akaniongezea maharage kwa huruma.

Mama aliyenilaza jana alitaka kunisindikiza mpaka barabarani. Nilikataa. Huwa nakataa. Msindikizaji anatembea polepole, anasimama kumwamkia kila mtu, na mimi nataka kuwahi jua.

Jumamosi, 13 Julai. Nyololo.

Thelathini na nane. Miguu imevimba. Nimefikia kwa shangazi, dada yake baba. Moto, viazi, maziwa ya mgando, salamu za kamwene zisizoisha. Nikadhani nimepona.

Tulipomaliza kula akanisema.

"Zuhura, ulimwaibisha baba yako. Mara ya mwisho ulitoka alfajiri, hata wa kukushikia begi mpaka njia panda hakuna. Mtu anayeondoka hivyo kwao amefukuzwa. Mtaa mzima wa Kihesa unajua baba yako alikufukuza."

Usiku wa kuamkia safari ile nilimwambia baba asiamke, mguu wake unauma. Nilijiona namhurumia. Shangazi anasema aliamka. Alivaa kanzu, akavaa kofia, akatoka sebuleni akakuta mlango umeshafunguliwa na mimi sipo.

Nimefunua daftari la zamani. Siku ile niliandika: ishirini na mbili, peke yangu. Nilipigia mstari kwa fahari.

Jumapili, 14 Julai. Nyololo.

Sikutembea. Nimemenya viazi vya shangazi, ndoo nzima. Najichukia.

Jumatatu, 15 Julai. Mafinga.

Shangazi amenisindikiza mpaka lami. Sikukataa. Ametembea kama mtu anayehesabu mawe, na nimekosa raha njia nzima. Tabia haifi kwa siku moja.

Nimempigia baba. Imeita mpaka ikakata. Nikatuma ujumbe: nafika Jumatano. Hajajibu.

Na akinifungia mlango? Majirani watakuwa wameona kwa macho yao kile walichokuwa wanasema. Nitakuwa nimemwaibisha mara mbili.

Sina hamu ya kuandika kilomita.

Jumatano, 17 Julai. Kihesa.

Nimefika jioni. Baba alikuwa kibarazani, fimbo magotini. Miaka thelathini aliendesha lori njia hii hii niliyoitembea. Sasa mguu wa kulia haukunjiki. Shikamoo. Marahaba. Akauliza kama mashimo ya Nyololo yamezibwa. Nikasema baadhi. Chai ikaja.

Nikamwomba radhi. Nimesema vibaya, kwa haraka, nikilia. Akakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

"Safari hii ukiondoka," akasema, "uniage mchana."



Jumatatu, 22 Julai. Stendi ya mabasi.

Naenda Lindi, kumalizia kipande cha mpaka Mtwara. Nilitaka kutoka saa kumi na moja alfajiri. Baba akasema saa tatu, watu wakiwa nje.

Alivaa kanzu na kofia. Begi lingemwangusha, kwa hiyo akashika chupa yangu ya maji, akaibeba mbele kwa mikono miwili. Fimbo akaibana kwapani, kisha akaona haiwezekani, akanipa chupa, akaninyang'anya tena. Hatukupita njia ya mkato. Tumepita katikati ya mtaa, mlango kwa mlango. Kwa fundi cherehani, kwa muuza mkaa, kwa jirani wa msikitini. Kila mahali anasimama, anapumua, anasema maneno yale yale: "Binti yangu anasafiri. Namsindikiza."

Mwendo wa robo saa umechukua saa nzima na nusu. Jua limetupiga. Mara mbili nimetaka kumwambia arudi, anaumia. Nikapunguza hatua.

Njia panda akanirudishia chupa. Mpini wa fimbo ulikuwa umelowa jasho.

"Hapa panatosha."

Nilipogeuka bado alikuwa amesimama pale pale, anaongea na mtu, ananyoosha kidole upande wangu.

Kutoka pale nimetembea mpaka stendi. Basi halijafika. Naandika ya leo.

Kilomita tisa, peke yangu. Moja na baba.