Mbaluka Amenikalia Kwa Sinema

Syokau, uko? Mbaluka amenikalia. Hapa Thika, mchana, watu wakiona.

Nimejifungia kwa choo cha ukumbi nicheke vizuri.

Si unajua leo Pradip alikuwa anaonyesha kwa ukumbi wake ile filamu ya kutisha ya miaka ya hamsini, ile babu yake aliwaonyesha watu wa Thika zamani? Akamwita Mbaluka aje aiandike kwa gazeti. Pradip alikuwa na wasiwasi hadi hakukaa chini.

Mbaluka naye akaanza kucheka mapema. Ukweli, lile zimwi ni mtu amevaa gunia, na zipu inaonekana. Akaninong'onezea, "Wayua, hii naimaliza na sentensi mbili."

Halafu ikafika mahali mama mmoja yuko peke yake kwa nyumba. Anasikia hodi. Anauliza, "Nani?" Na sauti yake mwenyewe inamjibu kutoka nje, "Ni mimi."

Hakuna muziki. Hakuna zimwi. Ni mlango tu.

Saa hiyo hiyo mlango wetu wa ukumbi ukabishwa. Kumbe ni Parvati, mke wa Pradip, analeta chai. Akasema, "Ni mimi."

Syokau, huyo mwanaume aliruka akanikalia mapajani, mwili mzima. Na mimi nikamshikilia, sikufichi, kwa mikono yote miwili.

Taa zikawashwa, bado amekaa hapo. Pradip akamuuliza polepole, "Sasa utaandika inatisha ama haitishi?"

Mbaluka akasema, "Ngoja kwanza nishuke."