Milioni Moja na Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Kaye thelathini na mbili za wanafunzi, za kusahihisha. Chai imepoa. Asubuhi niliambia darasa kwamba 1 000 001 iko premier: haigawanyiki na namba yoyote, ila moja na yenyewe. Aline alisimama mulangoni, akasema kwa upole:
"Madame, ujaribu 101."
101 mara 9 901. Kweli. Watoto wakacheka.
Miye ndiye nilimufundisha Aline kugawanya, ku tablo ile ile. Sasa ametoka univerisite Kisangani, ni mwalimu kama miye. Akachukua chaki, akaandika premier ya kwanza kupita milioni: 1 000 003. Wote wakanakili.

Jumatano, 5 Machi
Prefe, mukubwa wa shule yetu, anatafuta mwalimu wa kupeleka wanafunzi ku konkur, mashindano ya hesabu ya mukoa. Miaka kumi na moja ilikuwa miye. Leo alimuita Aline mu biro. Hakuniita.
Wivu. Niandike wazi: nataka akosee.
Nimeanza kugawanya 1 000 003. Kwa 7 inabaki 4. Kwa 11, 4. Kwa 13, 4 tena. Nitapima kila premier mpaka 997. Kupita elfu hakuna haja, maana elfu mara elfu ni milioni. Ziko 168.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemupata. 383 mara 2 611! Nilipanda pikipiki mu mvua mpaka ku shule, nikamuambia prefe mbele ya walimu wote. Aline alizinakili namba zile. Nilisikia utamu. Kweli, utamu.

Jumamosi, 8 Machi
Prefe alituita siye wawili. Aline aliomba tuzidishe pamoja. 383 mara 11 ni 4 213. Miye niliandika 4 203. 8 na 3 nilihesabu kumi, kumbe ni kumi na moja. Kwa hiyo hesabu yangu inatoa 1 000 013, kumi zaidi.
Aline alinirudishia kalamu tu. Afadhali angenitukana.
Konkur ni yake.

Jumanne, 11 Machi
Nimemaliza zote. 383 nimeirudilia: inabaki 373. Ya mwisho, 997: inabaki 12. Hakuna hata moja inayoigawa.
Nimeambia darasa kwamba 1 000 003 iko premier, na miye nilikosa. Hakuna aliyecheka. Lakini niliyasema nikiangalia tablo, si wao.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya misa nilipita kwa Aline, ku mtaa wa Bigo, nikiwa na daftari langu la kugawanya. Aligeuza kurasa zote, pole pole, kidole juu ya kila mustari.
"Madame, miye niliisoma tu mu kitabu," akasema. "Sikuihakikisha hata siku moja."
Nilidhani nitafurahi. Aliomba daftari aonyeshe watoto wa konkur. Nikamuachia.
Nimerudi kwa miguu. Bado namuonea wivu. Alikubali kwamba hakuihakikisha akiniangalia usoni, kisha akaniongezea chai.