Mshikilie Huko Mpaka Jumapili

Alhamisi, 3 Septemba 2009

Nina hasira. Niandike kwanza, la sivyo nitavunja sahani.

Nimerudi kutoka zamu saa tisa, nimeendesha basi tangu alfajiri, mgongo umekuwa ubao. Nafungua mlango – Anicet na mzee Valéry wamekaa sebuleni kwangu na makoti yao. Heshima amewapa chai kisha amejifungia chumbani. Binti yangu ana akili. Anicet ni mume wa rafiki yangu Elvire. Valéry ni mzee wa kanisa letu hapa Sweden, kule Rinkeby. Hao wawili hawapandi ngazi zangu za Tensta kuja kuniuliza habari za afya.

Mama yake Elvire amefariki. Jana jioni, Bujumbura, hospitalini. Mama Leokadia. Sijawahi kumwona, lakini nimeongea naye Jumapili nyingi kwenye simu ya Elvire. Kila mara ananiuliza kama ni kweli naendesha basi, na kila mara anacheka upya.

Nikainuka kuchukua koti. Niende kwa Elvire, nini kingine? Anicet akasema: kaa kwanza, Mama Heshima. Elvire hajui. Na hatajua mpaka Jumapili jioni.

Kwa nini Jumapili? Kwa sababu mjomba Félix, mdogo wa marehemu, yuko Göteborg, hawezi kufika mapema, na yeye ndiye mwenye haki ya kutamka. Kwa sababu nyumba lazima ipangwe, watu waitwe, mikeka itandikwe. Kwa sababu habari ya namna hii haipewi mtu amesimama peke yake jikoni, anaweza kuanguka akajiumiza. Hayo nayajua. Nimekulia Uvira, hawakuniokota njiani.

Lakini mpango wao sasa! Mzee Valéry ana lile gari-nyumba lake, husbil ya mwaka 1986. Niliendeshe mimi, maana nimezoea magari makubwa. Nimpeleke Elvire baharini, upande wa chini wa Nynäshamn, tutembee kwenye miamba, tupike, tulale siku mbili, bei rahisi. Anicet atamwambia ni zawadi. Simu yake ataibakiza nyumbani, atasema imeharibika. Na mimi nisimpe yangu.

Nikauliza: na mazishi je, shemeji? Akasema wiki ijayo, wanangoja ndugu wa mbali, Elvire atawahi ndege. Akaapa kwa jina la Mungu mbele ya mzee wa kanisa. Basi nikakubali.

Nimekubali mimi! Mimi niliyefanyiwa hayahaya mwaka 2001. Baba alikufa Uvira, mimi niko huku, watu wakanificha siku kumi na tisa, eti nina mtihani wa leseni ya basi, nisivurugike. Siku ya tisa nilicheza kwenye harusi. Picha ninayo. Gauni la njano, mdomo wazi mpaka magego, na baba yuko chini ya udongo. Siku ya kumi na tisa narudi nyumbani, mlangoni viatu vimejaa. Ndani wametoa meza, kina mama wamekaa chini kwenye mikeka. Hakuna aliyehitaji kufungua mdomo. Nilijua pale pale, nikavua viatu vyangu nikaenda kukaa. Na niliapa sitamfanyia mtu yeyote.

Mzee Valéry aliomba kabla ya kuondoka. Baada ya amina akasema gesi ya jiko la gari nijaze mwenyewe.

Ijumaa, 4 Septemba 2009

Gari hili ni laana. Gia ya pili haiingii mpaka uibembeleze. Choo hakifanyi kazi, hilo Valéry alisahau kulisema. Dari linavuja juu ya kitanda changu, sio cha Elvire, na hilo angalau ni sawa. Ndani kote kunanuka soksi.

Elvire yeye anaona hoteli. Amefungua kila kabati, amekaa kila kiti, amewasha na kuzima taa kama mtoto. Miaka tisa Sweden, anapika shuleni kwa watoto mia tatu, hajawahi kulala baharini hata siku moja. Amekuja na unga, maharage, ndagala, vile vidagaa vya kwetu, kilo nzima, chupa mbili za mafuta, na mkeka. Mkeka! Eti tutakaa juu ya mawe tukila kama watu. Nilimwambia kuna mvua, aubakize. Akausukuma chini ya kitanda.

Hatukuingia kambi ya kulipia. Tuko kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya misonobari, bure, bahari iko hatua mia mbili. Elvire amefurahi mara mbili kwa kuwa ni bure. Akakaanga ndagala madirisha yamefungwa. Nikamwacha. Valéry ataendesha na harufu hiyo mpaka Krismasi, na ajifunze.

Tukiwa tunakula akaniambia Anicet amembusu mlangoni. Mbele ya majirani. Na jana aliosha vyombo bila kuambiwa.

– Mama Heshima, huyu mume wangu ana nini? Au amepata mwanamke?

Akacheka mwenyewe. Nami nikacheka. Nilijisikia nikicheka, nikatamani kujipiga kofi.

Halafu akaanza habari za simu yake. Imeharibika vipi, jana ilikuwa nzima? Nikasema simu za siku hizi ni takataka. Akasema sawa, Jumapili nitaazima yako, lazima nimpigie Mama saa nne akitoka misa. Asiponisikia atadhani nimekufa.

Nikatoka nje kuangalia matairi. Matairi hayana kosa lolote. Nimeyapiga mateke yote manne.

Anicet, hili la saa nne ulilifikiria? Hukulifikiria. Wewe ulifikiria viti vya wageni.

Jumamosi, 5 Septemba 2009

Wanaume hawa. Mungu anisamehe, lakini wanaume hawa.

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi mvua ilikatika, tukaingia kwenye njia ya pwani, ile yenye alama za rangi ya machungwa kwenye miti. Njia nzuri, lazima niseme. Inapanda juu ya miamba, inashuka kwenye mawe ya mviringo, inapanda tena. Upepo unakula masikio. Elvire alitangulia na viatu vyake vya kazi vya jikoni, kwa sababu kununua vya kutembelea ni kupoteza pesa, na hakuteleza hata mara moja. Mimi na viatu vyangu vya dukani nimeanguka mara mbili.

Kwenye ghuba moja mawe yalikuwa laini, bapa, meusi. Elvire akapiga magoti akaanza kuchagua. Mama yake magoti yanamuuma. Huwa anapasha mawe motoni, anayafunga kwenye kitambaa, anajikanda jioni. Ya Bujumbura yanapasuka, Elvire akasema, haya hayatapasuka, angalia yalivyo mazito. Atamtumia kwa mtu atakayesafiri Krismasi. Alichagua sita. Kila moja aliliweka kwanza shavuni.

– Hili la goti la kushoto, akasema. La kushoto ndilo baya zaidi.

Nilikuwa nimesimama pale kama mlingoti. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikajiambia: mwanamke, umeahidi, mazishi ni wiki ijayo, hatakosa kitu, vumilia kesho tu.

Akatoa kamera. Akapanda juu ya mwamba, mikono juu, ananicheka nilivyokunja uso. Nipige, Mama Heshima, nimpelekee Mama.

Nikakataa. Akadhani natania. Nikakataa tena, kwa ukali. Sipigi picha, Elvire, acha. Akanishangaa. Akapita mzee mmoja wa Kiswidi na mbwa wake, Elvire akamwomba kwa heshima zote, mzee akapiga. Picha nzuri sana, akasema, akamwonyesha. Kisha Elvire akanionyesha mimi. Amecheka mpaka macho yamefungika, na chini pembeni kamera imeandika kwa rangi nyekundu: tarehe ya leo, saa nane na dakika kumi na mbili.

Saa kumi tukafika juu kabisa na simu yangu ikapata mtandao. Ujumbe wa Anicet. Nanakili kama ulivyo, ili siku moja akikana nimsomee:

"Mama Leokadia amezikwa leo saa nane. Ibada ilikuwa nzuri. Mshikilie huko mpaka Jumapili saa kumi na moja jioni. Ubarikiwe."

Saa zetu na za Bujumbura majira haya ni zilezile.

Nikamwambia Elvire nakwenda kujisaidia. Nikaingia msituni nikampigia huyo mtu. Nikamuuliza: ulijua lini? Akazungukazunguka. Nikamuuliza tena. Akasema Alhamisi. Alhamisi, amekaa kwenye kochi langu, anakunywa chai yangu, anaapa! Akasema ni uamuzi wa familia ya kule, hawakuweza kungoja. Akasema hati ya kusafiria ya Elvire imekwisha muda tangu Juni, asingeweza kwenda hata kwa dawa, basi kumwambia ingekuwa kumtesa bure.

Bure. Neno hilo.

Nikamwambia angelia saa ileile wanapomshusha mama yake kaburini. Angepiga magoti Rinkeby saa nane wakati wenzake wamepiga magoti kule. Angeshika simu asikie udongo. Hiyo ndiyo bure yako? Umemwacha anacheka juu ya jiwe! Akasema mimi nina moyo wa haraka, ndiyo maana hawakuniambia ukweli wote. Basi nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hata hapa.

Na kumbe wamenifanyia mimi vilevile. Wamenificha mimi ili nimfiche yeye. Mjinga mkubwa, na leseni ya basi.

Nikarudi kwa Elvire. Akauliza nani alipiga. Nikasema kazini. Na badala ya kumshika mkono nilimfokea. Ndiyo, mimi. Kibao njiani kinakataza kuchukua mawe, nikamwambia, huoni? Hujui kusoma? Utatuletea matatizo kwa mawe! Nimefoka mpaka ndege wakaruka. Hasira ya Anicet yote nikaimwaga juu ya yule asiyejua lolote.

Tulitembea saa nzima, yeye mbele, begi la mawe mgongoni. Tulipofika kwenye gari akasema taratibu, bila kuniangalia:

– Dada, nimekukosea nini?

Miaka yote ananiita Mama Heshima. Leo dada.

Nikasema nimechoka. Akanichemshia chai. Mimi nimekunywa.

Jumapili, 6 Septemba 2009

Saa tatu na dakika ishirini. Jua limetoka, kama vile linatukejeli.

Nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na begi halipo. Ameacha karatasi mezani: amekwenda kurudisha mawe, nisiwe na wasiwasi tena kuhusu kibao, atarudi kabla ya saa nne tumpigie Mama.

Amekwenda kurudisha mawe. Kwa ajili ya makelele yangu.

Anicet amenitumia ujumbe asubuhi hii: mjomba Félix amepanda treni, watu arobaini watakuja, viti vimepatikana. Mshikilie. Sijamjibu. Mzee Valéry naye amepiga, nikapokea, akaniambia hili jambo lina utaratibu wake na mimi si ndugu. Nikamwambia kweli, mimi si ndugu, mimi ni dereva, na dereva ndiye anayejua abiria wake yuko wapi. Nikakata. Jioni mjomba atatamka atakavyo, watu wake arobaini wakimsikiliza. Lakini saa nne ni yangu. Sitamwambia simu haina chaji. Sitamwambia mtandao haupo. Nimejaribu kuyasema hayo maneno hapa peke yangu, mdomo umekataa.

Tena wana haki kwa jambo moja, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Haambiwi mtu akiwa amesimama.

Saa tatu na nusu. Nimetoa meza nje. Imenibidi kufungua skrubu kwa kisu cha mkate, Valéry atajua mwenyewe. Magodoro nimeyasimamisha ukutani. Nimevuta mkeka wake kutoka chini ya kitanda nikautandika sakafuni, umeenea kasoro pembe moja. Nimechemsha maji, nimeweka ya kunywa na ya kunawa uso. Nimevaa kitenge juu ya suruali. Mimi ni mtu mmoja, sio arobaini. Lakini nina mikono miwili na kifua kikubwa, akianguka ataangukia hapa.

Viatu vyangu nimeviweka mlangoni.

Saa nne kasoro kumi. Naandika ili mikono iwe na kazi. Nimekaa kwenye mkeka, daftari gotini, mlango wazi. Sijui nitaanza na neno gani. Nimlaani Anicet kwanza? Hapana. Huyo ana siku yake.

Namwona. Anatoka kwenye misonobari. Begi limekuwa jepesi, linapigapiga mgongoni. Mkononi ana jiwe moja, nadhani ni la goti la kushoto. Ananionyesha toka mbali, kama mtu anayeomba ruhusa.

Ameona meza iko nje. Anatabasamu, anasema kitu, sisikii.

Amefika kwenye ngazi. Anaangalia viatu vyangu. Anauangalia mkeka.

Hajaniomba simu.

Ameliweka jiwe chini, pembeni ya viatu vyangu, polepole. Ameinama. Anafungua kamba za viatu vyake.