Baba wa Gari Saba, Naisahihisha Hadithi ya Redio

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hukuzipenda. Zikija ulimwachia mama azisome, kisha akwambie kwa kifupi nani kaoa, nani mgonjwa, nani anaomba nini. Hii nimeiandika kwa wazi, asome yeyote anayetaka, kwa sababu kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikisimulia hadithi yako vibaya mbele za watu. Nilikosea hadharani, basi na marekebisho yawe hadharani.

Hadithi yenyewe unaijua. Ni ile ya siku niliyokubana kwenye redio.

Wengine wanaosoma hapa wamezaliwa juzi, wanadhani simu ya mkononi iliumbwa pamoja na Mlima Meru, kwa hiyo niruhusu niwaeleze kidogo. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kampuni za utalii zilipoanza kuota Arusha kila baada ya mvua, wewe ulikuwa dereva wa watalii. Gari lako lilikuwa Gari Saba, na hata mtaani kwetu Daraja Mbili watu walikuita hivyo, Baba wa Gari Saba. Ukiingia porini umeingia. Siku kumi, wakati mwingine kumi na mbili. Njia pekee ya kukupata ilikuwa redio koli ya ofisini, ile ambayo wazee zaidi waliiita redio upepo. Kila jioni saa kumi na mbili magari yote yaliita, moja baada ya jingine, kueleza yamelala wapi na nani kapasukiwa na tairi.

Masafa yalikuwa ya wote. Ukisema neno Seronera, wamelisikia Manyara, wamelisikia Arusha. Ndiyo maana mlijitungia lugha yenu. Wageni walikuwa wameshajifunza neno simba, wakilisikia tu wanasimama kwenye viti na kudai wapelekwe, basi simba mkamwita Sharubu na chui mkamwita Madoa. Lugha hiyo ulirudi nayo nyumbani. Paka wetu alikuwa Sharubu Mdogo, na mpaka leo nikiona paka amelala juani nasikia sauti yako ikitangaza Sharubu mmoja, yupo kwenye jiwe, ameshiba.

Ulirudi pia na maboksi ya lanchi ambayo wageni hawakuyamaliza. Yai la kuchemsha, kipande cha keki kilichobanwa na juisi ya pakiti, mguu wa kuku. Tulikaa kibarazani tukigawana yai moja watu wanne, na nikuambie ukweli, sijawahi kula yai tamu kama lile.

Nilikuwa na miaka tisa mama aliponipeleka kukusalimia hewani kwa mara ya kwanza. Redio ilishikwa na Dada Rehema, yule binti wa Kondoa aliyejifunga ushungi mweupe hata siku za vumbi. Alinipakata, akanipa maiki, akanionyesha kitufe. Nikabonyeza. "Shikamoo baba." Nikasubiri marahaba. Haikuja. Nikarudia kwa nguvu zaidi, kimya. Nikaanza kulia nikiwa na hakika umeliwa. Dada Rehema akanibandua vidole kimoja kimoja.

"Mama, ukiwa umebonyeza, mwenzio hawezi kukujibu hata akipiga kelele. Ukimaliza mwachie na yeye."

Na kweli, kidole cha mwisho kilipotoka, sauti yako ikajaa chumba kizima: "Marahaba mwanangu. Umekula?"

Hewani ulikuwa mwongeaji, baba. Uliuliza habari za shule, za jino langu linalotikisika, za mbwa wa jirani. Nyumbani ulikuwa mtu mwingine. Ulivua viatu, ukakaa, na maneno yakaishia mlangoni pamoja na viatu. Na ukikohoa, mjadala umefungwa. Kaka Amani alipotaka kukwambia anaacha shule acheze mpira, ulikohoa kabla hajafika kwenye neno mpira. Hakulitamka tena.

Nilipomaliza kidato cha sita, mchungaji alikuwa ameshanitafutia nafasi ya uuguzi, nawe ulishamshukuru kwa niaba yangu. Mimi nilitaka kompyuta. Nilikuwa nimeiona moja tu maishani, kwenye ofisi moja mjini alikofanya kazi dada wa rafiki yangu. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua, kama redio ya sebuleni, na kila anayeingia alivua viatu ili vumbi la Arusha lisiiguse. Aliniruhusu niandike jina langu. Nikaliandika, nikalifuta, nikaliandika tena, na hapakuwa na karatasi iliyochafuka wala alama ya kifutio. Nilitoka pale nimesahau viatu vyangu, nikarudi kuvifuata.

Nikaomba chuo Dar kimyakimya. Wakanikubali. Barua ilifika Jumatatu, na jibu, likiwa na ridhaa ya mzazi, lilitakiwa kufikia Ijumaa. Wewe ulikuwa Serengeti mpaka Jumapili. Mama alisema hawezi kuamua jambo kama hilo peke yake, na nilimwelewa. Hapo ndipo nikapata akili ambayo nimejisifia nayo maisha yangu yote: nyumbani ungekohoa, lakini hewani usingeweza. Nikishika kitufe, utanisikia mpaka mwisho, utake usitake, na madereva wote wa Arusha wakiwa mashahidi.

Jumanne nikaenda kwa Dada Rehema, nikamweleza kila kitu, nikamwomba kesho jioni aniachie maiki. "Una moyo wewe," akasema.

Jumatano saa kumi na mbili nikabonyeza. "Gari Saba, Gari Saba, hapa ni binti yako. Shikamoo baba. Naomba nimalize yote ndiyo nikuachie." Nikasema. Nikasema nimepata nafasi, nikasema tarehe, nikasema uuguzi ni kazi nzuri lakini mimi nikiona damu nazimia na wewe unajua. Nikasema kompyuta ndiyo kazi inayokuja. Nikasema sikukwambia mapema kwa sababu nilikuogopa, na nikilia nililia huku nimebonyeza, kwa hiyo Manyara yote ilinisikia nikivuta kamasi. Nilipomaliza kidole kiligoma kutoka. Niliogopa kukuachia.

Nikakuachia. Redio ikakwaruza. Hakuna dereva hata mmoja aliyeingilia.

"Nimekusikia mpaka mwisho," ukasema. "Nina swali. Hicho chuo kina jenereta? Maana hiyo mashine umeme ukikatika hujahifadhi, kazi yote inapotea."

Nilimgeukia Dada Rehema mdomo wazi. Mimi mwenyewe sikuwa najua hilo.

"Sijui, baba."

"Uliza. Mwambie mama yako aandike barua ya kukubali, aweke na jina langu. Mchungaji nitaongea naye mimi."

Halafu wenzako wakaanza kubonyeza vitufe vyao bila kusema neno, kaa, kaa, kaa, toka kila upande. Hayo ndiyo yaliyokuwa makofi yenu.

Basi, tangu hapo nikawa na hadithi. Niliisimulia bwenini Dar, nikaisimulia kazini, nikaisimulia kwa wakwe. Jinsi nilivyombana mzee asiyebanika. Kwenye sendofu yangu mwenyewe, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, niliisimulia kwenye kipaza sauti, nikaiga kikohozi chako, ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Ulikuwa meza ya mbele, na koti lako la kijivu, soda mkononi. MC akakusogelea, "Mzee, ni kweli alikubana?" Ukajifuta mdomo. "Alinibana kabisa," ukasema, na ukacheka kuliko wote.

Mwezi uliopita ofisi yenu ya zamani ilikuwa inasafisha chumba cha redio. Siku hizi kila dereva ana simu, na Sharubu akionekana picha yake inafika Arusha kabla hajapiga mwayo wa pili. Nilikwenda kuomba redio moja nikawaonyeshe wanafunzi wangu, maana ninafundisha kompyuta, baba, na watoto hawa hawaamini kwamba watu walizungumza kwa zamu. Nani nikamkuta pale? Mzee Eliakimu, yule wa Gari Nane, mliyekuwa mkisafiri naye msafara mmoja. Meno yamepungua, mdomo haujapungua. Nikaanza kumkumbusha hadithi yangu, nikafika pale pa kukubana. Akanikatisha.

"Nani alimbana nani? Baba yako alijua tangu asubuhi."

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Dada Rehema alikuita Jumatano ile saa moja asubuhi, akakwambia kila kitu hewani, kwamba binti yako atakuja jioni na habari ya chuo cha kompyuta na Ijumaa ndiyo mwisho. Kila dereva alisikia. Ulikuwa na siku nzima ya kusema hapana. Ungeweza kumwagiza Rehema tu, mwambie aende uuguzi, na mimi nisingeigusa ile maiki.

Mzee Eliakimu anasema mchana, mlipokaa kwenye lango la Naabi kula, uliwauliza madereva wenzako kompyuta ni kitu gani hasa. Mmoja akasema ni televisheni inayopiga chapa. Mwingine akasema ni mashine ya kufukuza watu kazi. Wewe ukainuka, ukaenda kwa wageni wako, mtu na mke wake, wazee wenye mvi, ukawauliza wao, kwa Kiingereza chako cha tembo na twiga.

Na yule bibi, baba, alikuwa amefanya kazi ya kompyuta tangu zikiwa kubwa kuliko nyumba yetu ya Daraja Mbili. Alikuchorea kwenye kifuniko cha boksi la lanchi. Alikueleza kwamba enzi zake maagizo yalitobolewa kwenye kadi, tundu kwa tundu, na siku moja aliangusha boksi zima la kadi ikabidi aanze kuzipanga upya, na wewe ukacheka mpaka ukashika tumbo. Alikwambia kazi ile ya kuiagiza mashine mwanzoni ilifanywa na wanawake wengi, wasichana wa umri wangu. Ukamuuliza tena, wanawake? Akasema ndiyo. Ukamhamisha kiti, akakaa mbele pembeni yako, na mkaondoka.

"Mchana wote tulikuwa tunamwita," Mzee Eliakimu akasema. "Sharubu wawili na watoto, karibu kabisa na barabara. Anajibu nimesikia, haji. Nikampita mahali, gari limesimama chini ya jua, hakuna mnyama hata mmoja, yeye na yule bibi wanaongea tu. Siku ile wageni wake hawakuona simba. Na jioni ulipoita alikuwa ameshazima injini nusu saa nzima anakusubiri."

Nilikaa juu ya boksi la nyaya, nikalia mbele ya Mzee Eliakimu, naye akajifanya anatafuta kitu dirishani.

Nimekaa na jambo hili mwezi mzima. Kwanza niliona aibu. Nilikuiga kikohozi, baba, mbele ya watu mia, nawe ukanitetea. Ungeweza kusema neno moja tu, nami ningenyamaza, lakini uliniachia nibaki shujaa. Baadaye aibu ikapungua, ikabaki furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nilidhani nilipata maisha yangu kwa kukuvizia. Kumbe nilipewa, na aliyenipa alitumia siku nzima kujifunza kwanza anachonipa ni nini.

Umenibadilishia hata darasa. Jumamosi nina wanafunzi watu wazima, akina mama wa sokoni Sombetini na wastaafu wawili watatu kutoka Olasiti. Zamani mtu akiniuliza swali la kitoto nilijibu haraka niendelee. Sasa navuta kiti. Wiki iliyopita mzee mmoja aliniuliza picha ya mjukuu wake inakaa wapi simu ikiwa imezimwa. Tuliongea nusu saa, nikamchorea. Alipoondoka alikuwa amenyooka kama mtu aliyeshinda kesi. Sijui atakwenda kumruhusu nani kitu gani, lakini nina imani kuna mtu.

Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua, ila kahawa yake bado inavunwa kwa amri yake mwenyewe. Nilimuuliza kama alijua. Akasema, "Baba yako alinikataza." Basi, akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi ijayo ni sendofu ya binti wa Kaka Amani, na MC ameshanipigia simu. Anataka ile ya redio, ile ya kumbana mzee, anasema watu wanaisubiri. Nimemwambia anipe dakika kumi badala ya tano, na kwamba safari hii sitakohoa. Nitawaambia habari za dereva aliyewapita simba akimsikiliza bibi mmoja, ili jioni awe na swali la kumuuliza mwanawe. Watacheka kidogo kuliko walivyozoea. Mimi nitakuwa nimekushukuru, baba, kwenye kipaza sauti, na safari hii hutaweza kuniambia niache.

Pumzika vizuri pale mgombani kwetu tulipokulaza, mlima ukikuangalia.

Ni mimi binti yako wa katikati,
yule wa kompyuta.