Wimbo Nilioimba Mlali

Shikamoo Bibi,

Huku Mlali mvua ya Uluguru haikatiki, nami natamani inifukie. Hawa wasanii wa Kuba waliokuja chuoni kwetu nimewatambia wiki nzima kwamba mimi ni Mluguru halisi. Jana mama mmoja, mpiga ngoma wao, aliimba wimbo wa bibi yake, kisha akaniambia, "Sasa imba wa bibi yako."

Sikukumbuka hata mmoja. Nikaimba tangazo la sabuni la redioni! Wenyeji wakaficha vicheko kwenye kanga. Leo nimemkuta mama yule akiwafundisha wenzake wimbo huo wa sabuni, amefumba macho kwa heshima.

Wewe ulipokuwa ukiimba kinuni, mimi nilivaa spika masikioni. Nisamehe. Mungu akuweke, Bibi yangu, mpaka nijue hata wimbo mmoja.

Mjukuu wako, Tatu