Siku ya Mwisho ya Kumnyonyesha Desi

Jumatano. Upepo wa Sumbawanga leo hauna adabu. Umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka ndani ya mashine ya fotokopi, na baridi ni ile ya kukuumiza mifupa. Wateja hakuna. Niko hapa Majengo kwenye kasteshenari kangu, mlango nimeuegesha, nimevaa sweta mbili, naandika.

Desi nimemwacha nyumbani na bibi yake. Kifua nimekifunga kanga, kwa nguvu, kama nilivyoelekezwa.

Mchana huu nimemnyonyesha kwa mara ya mwisho.

Nimeiandika hiyo sentensi, nikaifuta, nikaiandika tena. Haibadiliki.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: Desderia, tunamwita Desi, ni mtoto wangu wa pekee. Anatambaa, ana meno mawili ya chini na anayatumia vibaya. Nilimpata nikiwa nimeshapita miaka thelathini, baada ya kutafuta mpaka watu wakachoka kuniuliza. Kesho alfajiri mimi na baba yake tunapanda basi kwenda Mbeya, nikakatwe titi la kushoto. Baada ya hapo zitafuata dawa kali za kupitia kwenye mshipa, na mtoto haruhusiwi kunyonya mama akiwa kwenye dawa hizo. Ni saratani. Kile kipande cha nyama walichonitoa kule Mbeya wakakipime kimejibu hivyo.

Uvimbe niliuona Desi angali mchanga kabisa. Mdogo kama punje ya hindi, mgumu, hauumi. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kijijini na mfuko wa unga wa ulezi, kunitunza uzazi. Nilipomwonyesha hata hakushtuka. "Aa, huyu mtoto amekucheulia ziwa tu," akasema. Kwetu kila mama analijua hilo: mtoto akicheua chuchu ikiwa mdomoni, hewa yake inarudi ndani na ziwa linavimba. Dawa yake ni maji ya moto na kitana cha mtoto. Unakandwa, unachanwa kuelekea kwenye chuchu, halafu mtoto ananyonya upande huohuo mpaka maziwa yaliyoganda yatoke.

Basi tukachana. Asubuhi tunachana, jioni tunachana. Ana mikono myepesi mama yule, siwezi kumsingizia, na alikuwa ananiimbia huku ananikanda. Uvimbe ukazidi, tukasema maziwa ni mengi. Nikaenda zahanati, nikapewa vidonge vya jipu. Nani angefikiria saratani kwa mwanamke anayenyonyesha, asiye na mvi hata moja? Hata mimi nilijua saratani ya matiti ni ugonjwa wa mabibi.

Sina hasira naye kwa sababu ya kitana. Wote tulikishika.

Majirani nao wana yao. Eti ni sindano za uzazi wa mpango. Khaa! Sindano za kuzuia nini, wakati miaka yote nilikuwa nazunguka kutafuta huyu mmoja? Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kunyamaza.

Vidonge viliposhindwa nikapelekwa Mbeya. Daktari wa huko ni kijana, anaongea taratibu, hana haraka na mtu. Nilimuuliza kilichoniletea. Akaniuliza nilivunja ungo lini. Nikamwambia darasa la tano, wa kwanza darasani, nilidhani nimejikata. Akaniuliza nimeanza kuzaa lini, na kwetu nani amewahi kuugua hivi. Halafu akanieleza. Mwili wa mwanamke una homoni, na kila mwezi zinayaambia matiti yajiandae. Aliyeanza mapema na akakaa muda mrefu bila mimba, matiti yake yanaambiwa hivyo mara nyingi zaidi, na chembe zinapata nafasi nyingi za kukosea. Mimba na kunyonyesha humlinda mama, ila ulinzi huo unakuja baadaye. Miaka ya mwanzo baada ya kujifungua, hasa kwa aliyechelewa kuzaa, hatari inapanda kwanza ndipo ishuke. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango huongeza hatari kidogo, wakati mtu anavitumia. Mimi sijawahi.

Nikamwuliza, kwa hiyo ni mimba ndiyo iliyoniletea? Akatikisa kichwa. Akasema hayo yanaongeza hatari, hayatoshi kuwa sababu. Waliochelewa kuzaa wamejaa mitaani na wengi wao hawaugui. Kwa mtu mmoja mmoja hakuna daktari anayeweza kunyoosha kidole na kusema ni hiki hapa. "Hukukosea kitu, mama," akaniambia. "Na mtoto hakukosea kitu."

Maneno hayo niliyabeba kutoka Mbeya mpaka hapa kama trei ya mayai. Leo nimeyavunja mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe alitaka nipake shubiri kwenye chuchu, Desi aonje uchungu, aache mwenyewe. Ndivyo walivyoachishwa wote, hata mume wangu. Nikakataa. Kama ni mara ya mwisho, basi awe na utamu wake mdomoni. Nikakaa kwenye mkeka penye jua, nikampa titi la kulia. Alinyonya bila haraka, ananichezea kidevu, anaacha, ananitazama, anacheka, anarudi. Hajui kitu. Alipomaliza akacheua kwa sauti kubwa, utadhani mzee aliyetoka kilabuni.

Bibi yake akamchukua, akamtikisia kidole. "Hivyohivyo ndivyo ulivyomcheulia mama yako! Ona sasa anakwenda kukatwa."

Alikuwa anatania. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na yeye machozi huyafukuza kwa utani, ndivyo alivyo. Lakini Desi anabaki naye. Nikikawia Mbeya, anabaki naye. Nisiporudi, huyu ndiye atakayemlea, na sentensi hiyo ataisikia akijifunza kutembea, ataisikia siku ya komunio, ataisikia siku matiti yake mwenyewe yatakapoanza kuchomoza.

Mkwe hajibiwi. Tangu niolewe namwamkia nimechuchumaa na makofi ya taratibu, na akisema jambo naitika. Leo nikamjibu. Nilisema, "Mama, samahani, kaa kidogo." Akakaa, mikono ina unga wa ulezi. Nikamweleza kama daktari alivyonieleza. Kwamba mtoto kucheua hakuingizi kitu ndani ya ziwa. Kwamba ni homoni, ni kuvunja ungo mapema, ni kuchelewa kuzaa, kwamba mimba yenyewe huamsha mambo kwenye matiti kwa miaka michache. Nilieleza vizuri. Nilijisikia mwalimu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia polepole, kwa huruma kabisa: "Kumbe nilisema kweli, Mama Desi. Ni huyuhuyu mtoto."

Jamani.

Nikasema hapana, Mama, hapana, sikusema hivyo, daktari alisema hakuna anayejua. Hakunisikia tena. Alishamkumbatia Desi, anampapasa kichwa, anamwambia, "Usijali, mjukuu wangu, si kosa lako, hukujua." Anamsamehe! Mwanangu amesamehewa kosa ambalo halipo, na mimi ndiye niliyelithibitisha, tena kwa jina la daktari. Kile kidole nilikuwa nakiweza. Huu msamaha siuwezi, maana umesemwa kwa upendo na hautasahaulika.

Nikachukua sweta, nikatoka.

Nitasema na hili, maana nisipolisema hapa sina pa kulisema. Nikiwa njiani nilifikiri: je, nisingempata? Lingebaki tumbo tupu na masimango, lakini pengine leo ningekuwa mzima, nakatiza Majengo kununua nyanya. Nilifikiri hivyo kweli. Na palepale maziwa yakashuka, yakalowesha kanga, sweta ya kwanza na ya pili, maana ilikuwa saa yake ya kunyonya. Nikasimama nje ya duka la dawa nimejikumbatia, watu wanadhani ni baridi.

Sina matumaini ya kuwagawia leo. Daktari hakunificha, tumefika kwa kuchelewa. Wewe unayenyonyesha, ukiwa na uvimbe mgumu usioisha, hata uwe binti mdogo, usiuchane. Nenda ukapimwe, na wakikwambia ni jipu na haliponi, nenda pengine. Mimi ningempa nini mtu ambaye angeniambia hayo mapema!

Jioni Baba Desi atafika kutoka Kirando na magunia yake ya dagaa. Ni mtu mwema. Nikimweleza atalia, kisha atasema mama ni mzee, tumwache. Na mimi nitanyamaza, kwa sababu ni kweli kwamba bila mama huyo mwanangu hana pa kubaki kesho.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, Desi, ukubwani kwako. Sijui kama blogu inaishi miaka mingi kiasi hicho. Bibi yako anakupenda kuliko nafsi yake. Kunywa uji wake wa ulezi, mpigie makofi ukimwamkia, mtii kwa yote isipokuwa hili moja. Ukifika ishirini na kitu, jipapase mwenyewe kila mwezi, ukiona kitu usimwambie mwenye kitana, mwambie daktari kwamba mama yako aliugua akiwa bado kijana.

Alfajiri nitaondoka ukiwa umelala. Titi la kulia linauma sasa, limejaa, linakuulizia.

Na kuhusu kule kucheua, mwanangu, nilikuwepo, nilikuwa nimekushika. Ulicheua kwa sababu ulikuwa umeshiba.