Kikanyagio Kinachonyamaza Mchana

Majengo, Mpanda
Jumapili, 19 Oktoba 1975

Dada yangu mpenzi Josefina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, tamu kama asali ya kwetu Magamba. Hujambo huko Kigoma? Shemeji na watoto wanaendeleaje, na kile kikohozi cha mdogo kimeisha? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unanidunda tangu alfajiri. Ndiyo maana mwandiko umepinda hivi.

Dada, ndoa ni tamu! Leo ni wiki ya saba tangu uliponivisha shela, na bado Telesphor akiingia mlangoni najikuta nimesimama bila sababu. Ananiita mwalimu wake kwa ajili ya hiki kidato cha nne changu, na chai hainywi mpaka mimi nionje kwanza. Mama mkwe, aliyetoka Usevya kuja kunionyesha utunzaji wa nyumba, anasema tunamtia aibu.

Sebule yetu ndiyo karakana yake. Mezani yamelala matumbo ya redio za mji mzima, na chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya anakipasha kwenye jiko langu, kwa hiyo mboga husubiri zamu. Lakini tangu mwezi uliopita nyumba imetawaliwa na kitu kimoja tu: kikanyagio cha Maduhu, mpiga gitaa wa bendi ya hapa. Ni kisanduku cha chuma, ukubwa wa kopo la sigara. Waya wa gitaa unapita ndani yake, na mpigaji akikikanyaga sauti inakwaruza na kulia kwa kirefu, kama mtu anayelia na kucheka pamoja. Maduhu alikinunua kwa mwanamuziki wa Zaire, kikafa. Telesphor akakifufua, kisha akakitia transista, kidude cha kukuza sauti, ya redio mbovu ili mlio uwe mrefu zaidi, kama Maduhu alivyotaka.

Hapo taabu ikaanza. Asubuhi kinaimba, ikifika saa saba mchana kinakohoa, kinanyamaza. Telesphor alibadilisha betri, akabadilisha waya, akachoma upya kila kiungo. Wapi! Maduhu akawa anamtania sokoni kwamba kikanyagio chake kimeajiriwa ukarani, mchana kinafunga ofisi kinakwenda kula. Watu wakacheka, na hata Telesphor alicheka. Halafu utani ukachacha: Maduhu akasema labda fundi amenyofoa vya ndani vizuri akatia vibovu. Kesho yake watu watatu wakaja kuchukua redio zao zikiwa bado mbovu. Mume wangu hakugusa chakula siku hiyo, nami nikalia jikoni nikisingizia moshi.

Jumanne iliyopita kikapona. Asubuhi Telesphor alikuwa amebadilisha kapasita moja, kidude cha ndani cha kuhifadhi umeme, akatoka, na aliporudi saa nane akakijaribu, kikaimba! Alininyanyua akanizungusha mpaka kanga ikadondoka, mama mkwe akakimbilia uani akiita watakatifu. Jumatano kikaimba mchana, Alhamisi kikaimba, Ijumaa pia. Ijumaa jioni Maduhu akaja na wenzake wote wa bendi. Telesphor akawaambia kwamba kikinyamaza tena siku ya mashindano, ataweka chini chuma chake na kurudi Usevya kulima mpunga na baba yake, Mzee Bartolomeo, ambaye tangu zamani anaiita kazi hii mchezo. Maduhu akamjibu kwamba jembe la kumpa analo nyumbani. Wakashikana mikono.

Siku yenyewe ndiyo leo. Saa tisa, kwenye uwanja wa mpira, bendi yetu inashindana na bendi kutoka Sumbawanga. Telesphor alikwenda huko na kikanyagio mara baada ya Misa. Mimi nimekatazwa kutoka. Mama mkwe anasema bibi harusi wa nyumba yake haendi kwenye dansi kabla ya miezi mitatu. Kwa hiyo nimekaa, jua limesimama juu ya bati, na nitakuambia neno ambalo sijamwambia hata padri.

Si kapasita iliyokiponya, Dada. Ni mimi. Jumanne ile mama mkwe aliitaka meza, nikakiondoa kisanduku nikakilaza kwenye mchanga mbichi, pale mtungi wa maji unapotoa jasho. Kilipoimba sikuwaza kitu. Jumatano kilikuwa mezani chini ya bati tangu asubuhi. Nilipokishika kikaniunguza vidole. Nikamkumbuka Sista Vénérande wa shule yetu Tabora, alivyotufundisha kwamba joto hubadilisha mwendo wa umeme. Nikakijaribu peke yangu: kimya. Nikakilaza penye mtungi nusu saa: kikaimba. Ugonjwa wake ni joto tu, na haujapona hata kidogo.

Nilitaka kusema, naapa. Lakini alikuwa anamwita kila mpita njia aje aione kapasita yake! Nikasema kesho. Na kila mchana, kabla hajarudi, nilikipoza penye mtungi nikakirudisha mezani, ili tu nimwone akicheka. Jana mdomo ulifunguka mara tatu, naye alikuwa anapiga pasi shati la leo huku anapiga mluzi. Neno alilompa Maduhu limesimama juu ya uongo wangu, naye hajui.

Sasa ni saa saba na nusu. Jukwaa lile halina paa. Mama mkwe amelala, nami nimekwishaamua. Nitajaza beseni mchanga mbichi, nitajitwika mtungi, nitapita katikati ya uwanja na kanga zangu za harusi, nimwambie kwa mdomo wangu kabla Maduhu hajakikanyaga. Akinikaripia, na anikaripie mbele ya mji mzima. Afadhali ajue leo kwamba mke wake alimdanganya, kuliko alime mpunga hadi uzeeni akidhani mikono yake haijui kazi.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na uniombee. Ukiona pembe ya karatasi hii imelowa usishtuke. Ni maji, mtungi nimeshaujaza.

Mdogo wako akupendaye,
Marsela